Dondoo muhimu: Lugha ya kwanza kwa mtengeneza gemu wa Gahanga, Rwanda

Lugha ya kwanza ya kuandikia programu huchaguliwa kwa kuangalia gemu inayokusudiwa na kompyuta iliyopo, si umaarufu wa lugha.

1. Buni gemu ndogo inayoweza kumalizika: mpira na kibao cha kuupiga, kama katika uwanja wa kriketi wa Gahanga, vinatosha.
2. Mtoto wa shule ya msingi apewe Scratch. Ni bure, ina Kiswahili, na ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti.
3. Kwa kompyuta yenye RAM ndogo, chagua injini ya gemu ya Godot na lugha yake ya GDScript, au Python pamoja na maktaba ya Pygame. Injini ya Unity, inayotumia C#, hudai nafasi kubwa kwenye diski na bando nene; wengi hukwama hapa kabla ya kuandika mstari wa kwanza, wakadhani hawana kipaji.
4. Usianze na C++ kwa sababu tu ndiyo ya injini ya Unreal. Makosa yake ya kumbukumbu humvunja moyo mgeni.
5. Asiye na kompyuta ajaribu JavaScript, inayofanya kazi hata kwenye kivinjari cha simu.
6. Soma masharti ya leseni. Mwaka 2023 Unity ilitangaza ada inayohesabiwa kwa usakinishaji, ikaifuta 2024 baada ya watengenezaji kupinga vikali. Godot, kinyume chake, ni programu huria.
7. Usihame lugha kabla ya kumaliza gemu moja.
8. Hifadhi nakala ya kazi kwenye flashi kila siku.