Nataka kupanda meli peke yangu, binti yangu asema nitamwaibisha

Shangazi,

Nakuita Shangazi ingawa huenda nakushinda umri. Mimi ni mjane wa miaka 58, naishi Umoja. Nimefundisha shule za msingi miaka 33, nikastaafu mwaka jana. Watoto wote wanajitegemea. Katika chama chetu zamu yangu ya kupokea ilifika Machi, na mara hii sikununua sofa wala tangi la maji. Pesa nimeziweka za safari.

Tangu nione picha za meli ndogo zinazotembea mto Nile kule Misri, kutoka Luxor hadi Aswan, usingizi umenipaa. Tulikubaliana twende wanne kutoka chama. Mmoja akapata mjukuu, mwingine akasema ni goti, wa tatu siku hizi hashiki simu yangu. Nikaamua niende mwenyewe. Nilipouliza bei, kijana wa kampuni akaniambia ile iliyoandikwa ni ya mtu anayelala chumba kimoja na mwenzake, na kwamba nikienda peke yangu nitaongeza karibu nusu juu yake. Yaani nilipie kitanda cha marehemu!

Binti yangu, yuko Donholm, anasema mama wa rika langu akionekana melini peke yake watu watajua anatafuta bwana, na kwamba nitamwaibisha mbele ya wakwe zake. Mwanangu wa kiume anasema, "Mum, ngoja Desemba twende Mombasa sote." Desemba hiyo naingoja tangu 2019.

Maji siyaogopi. Nilizaliwa Kisumu baba akifanya kazi Reli, kabla ya kuhamishiwa Nairobi tukakaa Makongeni. Nakumbuka akinishika mkono gatini tutazame meli nyeupe ikiingia. Lakini hayo ni ya zamani. Niende au niache?

Mwalimu Mstaafu, Umoja

*

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kuhusu Misri uliandika kurasa mbili, na mhariri amezipunguza. Kuhusu meli nyeupe uliandika mstari mmoja, kisha ukaufukia upesi kwa "hayo ni ya zamani." Wewe umesahihisha insha miaka 33. Unajua mtoto akiwa na jambo moyoni huliandika wapi: pale pembeni, kwa herufi ndogo. Ngoja nianze na huo mstari wako.

Nikipiga hesabu ya umri wako, meli mliyokuwa mkiitazama karibu naapa ni Victoria. Iliundwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa upya hapo hapo Kisumu na kuanza kazi 1961. Mwenyewe alikuwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki, tajiri yule yule aliyemlipa baba yako, na kazi yake ilikuwa kuzunguka ziwa: Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza, Musoma, kisha inarudi tena. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 mali iligawanywa kama ya mume na mke walioachana kwa matusi. Victoria ikaangukia Tanzania. Zile feri mbili za kubeba mabehewa ya treni, Uhuru na Umoja, zikatenganishwa: Uhuru kwetu, Umoja kwao. Wewe unakaa Umoja, na mtaa wa Uhuru uko hatua chache tu kutoka Buruburu. Kumbe Eastlands peke yake ndiko majina hayo mawili bado yanakaa pamoja.

Sasa sikia nililotaka kukwambia tangu mwanzo. Meli hiyo haijafa. Ilisimama miaka kadhaa kwa ubovu, ikafanyiwa matengenezo makubwa, ikarudi majini 2020 na jina refu kama la harusi: New Victoria Hapa Kazi Tu. Inasafiri usiku kati ya Mwanza na Bukoba kupitia Kemondo. Inaondoka usiku, unaamka asubuhi uko upande wa pili wa ziwa. Hubeba abiria 1,200, kwa hiyo si ndogo kama zile za picha zako. Meli ndogo nitakuonyesha, nivumilie.

Kwanza tulimalize hili la kitanda cha marehemu, maana limekuuma na lina haki ya kukuuma. Meli za Nile huuza chumba, na chumba kimehesabiwa vichwa viwili. Ukiingia peke yako, mwenye meli anaona kichwa kimoja kimepotea na anakutuma wewe ukilipe. Hilo si tusi kwa wajane, ni hesabu ya duka. Na hesabu ya duka huzungumzwa. Muulize yule kijana kama wanaweza kukupangia chumba na mwanamke mwingine aliyekuja peke yake. Muulize bei ya Juni hadi Agosti, jua la Aswan linapochoma na vyumba vikibaki vitupu. Wakati huo wengi hulegeza nyongeza hiyo, wengine huifuta. Asipojua kujibu, tafuta kampuni nyingine.

Lakini Victoria haiuzi ndoa. Inauza kitanda au kiti, kimoja kimoja, kila mtu na chake. Daraja la kwanza wana vyumba vya kulala, la pili unachagua kitanda au kiti, na huko chini ni viti. Dirishani unasema "kitanda kimoja, nataka chumba cha wanawake," na hakuna anayeinua jicho. Wauza dagaa, wanafunzi, mama wa vitenge, wote wanakata tikiti ya mtu mmoja. Hilo neno la binti yako, "peke yake," mahali pale halina maana yoyote. Kila mtu yuko peke yake na kila mtu yuko na wenzake.

Najua kwa kuwa nimeipanda. Nilibeba kitabu nikidhani nitakisoma usiku kucha. Sikufungua hata ukurasa. Jirani yangu alikuwa mama wa Muleba. Aliweka chupa ya chai katikati ya miguu yangu na yake, kama aliyeweka mpaka, kisha akaanza maswali matatu ambayo kila mwanamke msafiri huulizwa: watoka wapi, una watoto wangapi, mzee yuko wapi? La tatu nikajibu kwamba mzee hayupo tena. Akasema, "Pole." Akafikiri kidogo, akaniangalia usoni. "Au hongera?" Chumba kizima kikacheka, nami nikacheka mpaka machozi. Taa za Mwanza zilipokuwa zinafifia nyuma yetu, mtoto wake alikuwa amelala mapajani pangu, na mate yake yamelowesha leso yangu. Alfajiri akanipa punje za kahawa kavu za kutafuna, desturi ya Wahaya, chungu kidogo halafu tamu. Kilichonishinda usiku ule si upweke. Ni kupata dakika kumi za kuwa mwenyewe. Ilinibidi nipande sitaha saa nane za usiku, baridi inauma, ndipo nikamkumbuka wangu kwa nafasi.

Nakwambia hivi kwa sababu hata Misri mambo ni hayo hayo, ila kwa vitambaa vya meza. Meli ndogo ni kama ploti ya Eastlands. Vyumba ni vichache, korido ni moja, na kufikia siku ya pili kila mtu anajua nani anakoroma. Mama aliyelea watoto huko, akapanga foleni ya maji huko, amefuzu zamani. Wanaoteseka kwenye meli ndogo ni waliozoea nyumba zenye lango na mbwa.

Basi fanya hivi. Panda basi la Nairobi hadi Mwanza kupitia Isebania. Tanzania utahitaji pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Usingoje kuulizwa mpakani ukiwa huna. Mwanza lala usiku mmoja. Asubuhi nenda mwenyewe bandarini ukaulize ratiba na ukate tikiti kwenye dirisha la kampuni ya meli, si kwa kijana aliyekufuata stendi akikuita mama. Victoria ni mzee, mara kwa mara hupumzishwa kwa matengenezo, kwa hiyo usiipangie siku kama ndege. Usiku, meli ikijitoa gatini, usikae ndani ukipanga mizigo. Simama sitahani, utazame taa za Mwanza zikibaki nyuma. Hapo ndipo mkono wa baba ulipo, kama unanielewa.

Ukitoka Bukoba, shika gari la Mutukula uvuke Uganda, huko ukiwa Mkenya kitambulisho cha taifa kinatosha. Fika Masaka, teremka hadi Bukakata, na hapo kuna feri ya kwenda kisiwa cha Bugala ambayo hailipiwi hata senti. Bugala ni kisiwa kikubwa cha visiwa vya Ssese: mchanga mweupe, michikichi, na utulivu ambao Umoja tuliusahau siku maduka ya spika yalipofunguliwa. Lala Lutoboka. Asubuhi inayofuata, ndiyo hiyo meli yako ndogo: MV Kalangala, iliyoanza kazi 2006, inayovuka hadi Nakiwogo pale Entebbe kwa saa tatu na nusu hivi. Ukubwa wake ni wa kukuwezesha kumjua kila abiria kwa sura kabla ya kufika.

Na mto? Ukirudi kwa njia ya Busia utapita Jinja, ziwa linapomiminika na kuwa Nile. Kuna boti za kukodi za kukuzungusha pale maji yanapoanza kuvuta. Maji unayotaka kuyaona Luxor kwa dola ndiyo haya, yakiwa na safari ya maelfu ya kilomita mbele yao. Sikukatazi Misri. Hekalu la Edfu na la Kom Ombo huwezi kuyaona Jinja. Nasema tu uanze na maji yaliyokulea, na kwa pesa za chama ukizunguka hivi, sehemu kubwa itabaki. Misri iweke mwaka kesho, ukiwa umeshajua kama unapenda usiku wa melini au ulipenda picha tu.

Kuna jambo moja ambalo binti yako angekuwa na haki ya kuliogopa, na cha ajabu hakulitaja. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu wakafa. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Na sisi tuna yetu, feri ya Mtongwe, 29 Aprili 1994. Zote tatu zilikuwa zimebeba watu kupita kiasi. Kwa hiyo, Mwalimu, tumia jicho lile la gwaride la asubuhi. Ukifika gatini ukaona watu wanasukumwa ndani kama matatu ya saa kumi na mbili jioni, rudi hotelini. Tikiti iliyopotea hailiwi matanga. Ukiingia, uliza maboya yako wapi kabla ya kuuliza chakula kiko wapi, na hesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni. Beba dawa ya kichefuchefu, ziwa hilo likishikwa na upepo halina adabu, na sweta, hata kama Mwanza mchana umetoka jasho.

Umebaki wewe na mwanao. Nilipofika pale pa kutafuta bwana nilitua kalamu kwanza. Mama aliyemsomesha binti kwa mshahara wa mwalimu, akamwoza, akamzika mume bila kuacha deni, ndiye anayeulizwa leo anamtafuta nani melini? Nadhani binti hakuwa akisema kwa dharau. Baba ameshaondoka, na mtoto akibakiwa na mzazi mmoja hutaka kumfungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Huo ni woga wa kufiwa mara ya pili, naye hajui kuuita jina lake, ndiyo maana anausingizia wakwe. Msikilize kwa upole. Mpe karatasi yenye majina ya miji na siku, na mpigie ukiwa Mwanza, ukiwa Bukoba, ukiwa Entebbe. Ila angalia ulivyoniandikia mimi: "Niende au niache?" Usimwulize yeye hivyo. Yule wa Desemba mwambie Mombasa utakwenda naye, ukirudi.

Na haya yote mwambie binti ukiwa tayari na tikiti ya basi mkobani. Si kabla.

Shangazi