MAUZO SI FAIDA

Mwaka huu sikutunga shairi. Nimeamua kufafanua maneno mawili yanayochanganywa kila siku sokoni, kuanzia Kitui mjini hadi Wote: mauzo na faida.

Mauzo ni pesa zote zinazoingia dukani. Faida ni zile zinazobaki baada ya kulipia bidhaa, stima, mshahara wa kijana wa duka na kodi ya nyumba (hiyo nayo ni kodi nyingine kabisa!). Basi, serikali ina kodi ya mauzo, ambayo haiulizi habari ya faida. Ilianza mwaka wa 2008 kwa asilimia 3. Mwaka wa 2019 ikaondolewa, pakawekwa kodi ya asilimia 15 ya ada ya leseni ya biashara. Januari 2020 ile ya asilimia 3 ikarudi. Aprili mwaka uo huo, wakati wa korona, ikashushwa hadi 1, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaipandisha tena, kwa wenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Ni kizunguzungu kitupu.

Hebu tupige hesabu. Chukua duka la unga na sukari pale Wote linalouza 1,200,000 kwa mwaka. Unga hauna faida kubwa. Tuseme mwenyewe hubakiwa na shilingi 5 katika kila 100. Faida yake ni 60,000. Kwa asilimia 3 angelipa 36,000, zaidi ya nusu ya faida! Kwa asilimia 1 ni 12,000. Muuza asali wa Mwingi mwenye mauzo yayo hayo, lakini faida ya 400,000, atalipa kodi ileile. Na aliyepata hasara je? Atalipa tu. Mimi naona hapo haki inachechemea, ingawa nakubali kwamba kodi hii ni rahisi kwa asiye na mhasibu.

Mfanyabiashara anaweza kuiandikia Mamlaka ya Ushuru, yaani KRA, aombe kulipa kodi ya kawaida ya mapato inayotazama faida. Lakini huko lazima awe na risiti na vitabu. Mjomba wangu wa Makueni huandika hesabu zake nyuma ya kalenda. Nilipomweleza, akasema, "Mpwa wangu, si mimi kila mwaka nalipia leseni ya kaunti? Hawa wengine wanataka nini tena?"

Swali zuri. Leseni ni ya kaunti. Kodi ya mapato, kwa Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010, hutozwa na serikali ya kitaifa peke yake. Kulipa moja hakufuti nyingine.

"Na mama mboga?" akauliza. Milioni 1 kwa mwaka ni kama shilingi 2,740 kwa siku. Asiyezidisha hapo hadaiwi kodi ya mauzo. Mjomba akachukua simu, akabofyabofya, akanyamaza. Kumbe yeye hupita!

Sasa ana daftari la kurasa 200, kushoto mauzo, kulia gharama. Kodi ya kila mwezi hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita, kwa hiyo yeye hujumlisha tarehe 15, duka likishafungwa, huku shangazi akimsomea risiti.