Udongo Mweusi wa Mbuga: Tabia ya Mfinyanzi wa Usinge

Wengi wasikiapo neno "mbuga" hufikiria wanyama wa porini. Kwa mkulima wa Unyamwezi na Usukuma neno hilo lina maana nyingine: ni bonde pana la majani, lisilo na miti mikubwa, lenye udongo mweusi ambao masika hugeuka tope na kiangazi hupasuka. Maana hiyo imeingia hata katika maandishi ya wataalamu wa udongo wa nchi nyingine.

Mbuga za namna hiyo ni nyingi katika eneo la Usinge, wilayani Kaliua, mkoa wa Tabora. Eneo hilo, lililo kando ya reli ya Tabora na Kigoma, liko kwenye uwanda ulio juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, na miezi inayosalia ni mikavu. Magharibi yake huanza mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 yaliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Misafara ya zamani kati ya Tabora na Ujiji ilipita katika ukanda huu. Richard Burton na John Speke walivuka mto Malagarasi mapema mwaka 1858, katikati ya masika, wakati ambapo nyanda hizi ni ngumu kupitika. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 safari ilikuwa nyepesi, lakini udongo haukubadilika tabia yake.

Asili ya udongo huu

Mfinyanzi ni mkusanyiko wa chembe ndogo mno, ambazo upana wake haufiki sehemu mbili za elfu za milimita. Chembe hizo zaweza kupatikana kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuzirithi kutoka katika mwamba. Upande wa magharibi, kuelekea Malagarasi na Uvinza, hutokea miamba ya tabaka ya zamani sana: mawe ya mchanga, mawe ya chokaa na miamba ya tope. Mwamba wa tope ulianza kama matope yaliyotua chini ya maji yaliyotulia, kisha yakagandamizwa kwa uzito wa tabaka zilizofuata hata yakawa jiwe. Jiwe hilo likichakaa kwa jua na mvua, humeguka vipande vyembamba, na mwishowe hurudi kuwa kile lilichokuwa mwanzo, yaani mfinyanzi. Udongo utokanao na mwamba huo huwa na mchanga mchache, hata ukiwa juu ya mteremko.

Njia ya pili hutokea mahali penye mawe ya matale, ambayo ni mengi upande wa mashariki, kuelekea Tabora. Matale yakichakaa huacha kichanga chepesi juu ya mwinuko. Mvua huyeyusha kalisi, magnesi na silika na kuvipeleka bondeni, na huko, kwa kuwa maji hayana pa kutokea na kiangazi ni kirefu, vitu hivyo hukusanyika na kuunda mfinyanzi mpya. Ndiyo maana katika mwendo wa dakika chache mtu huweza kutoka kwenye kichanga chenye miombo hadi kwenye mbuga nyeusi. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, aliufananisha mpangilio huo na mnyororo, ambao kila pete yake imeungana na inayofuata. Fikra hiyo, iliyozaliwa Afrika Mashariki, hufundishwa sasa duniani kote.

Kwa nini hufura na kupasuka

Si kila mfinyanzi una tabia moja. Mfinyanzi uitwao kaolinaiti, ulio mwingi katika udongo mwekundu wa miinuko, una tabaka zilizoshikana imara, wala maji hayapenyi kati yake. Mfinyanzi uitwao smektaiti, ambao ndio unaotawala katika mbuga nyeusi, una tabaka zilizoshikana kwa ulegevu. Maji huingia kati ya tabaka na kuzitenganisha, na udongo ukafura. Yakitoka, tabaka hukaribiana tena, na udongo ukasinyaa.

Eneo la tabaka hizo ni la kustaajabisha. Gramu moja ya smektaiti halisi, ukihesabu nyuso zote za nje na za ndani, huweza kufikia mita za mraba 800. Hivyo gramu 5, kiasi cha kijiko kidogo, zina nyuso za kufunika karibu ekari moja. Nyuso hizo ndizo zinazoshika maji na chakula cha mimea.

Kutokana na hayo hufuata tabia zote za mbuga. Kiangazi nyufa hufunguka, na nyingine huzidi kina cha mita moja. Udongo wa juu huangukia ndani ya nyufa; mvua zikirudi, ule wa chini hufura na kusukumwa juu. Kwa namna hiyo udongo hujipindua wenyewe mwaka baada ya mwaka, na wataalamu wameuita vetisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza. Mizizi ya miti mingi hukatika kwa mwendo huo, au hukosa hewa wakati wa mafuriko. Kwa hiyo majani hutawala.

Rutuba na udanganyifu wa rangi

Weusi wa udongo huwafanya wengi waamini kwamba una mboji tele. Sivyo. Mboji yake kwa kawaida ni kidogo, ila imeshikamana sana na mfinyanzi, na hivyo kuupaka rangi. Utajiri wa mbuga ni kalisi na magnesi. Upungufu wake mara nyingi ni naitrojeni na fosforasi. Vilevile, ingawa udongo huu hushika maji mengi, sehemu kubwa hushikwa kwa nguvu zinazoshinda mizizi. Mmea waweza kunyauka ilhali udongo bado una unyevu.

Mvua za kwanza hupita katika nyufa na kulowesha chini. Nyufa zikifunga, maji hayapenyi tena, bali husimama. Mahindi na tumbaku hufa kwa kukosa hewa mizizini, lakini mpunga hustawi. Majaruba, yaani mashamba yaliyozungushiwa matuta ya kuzuia maji, ni jibu sahihi la mkulima kwa tabia hiyo: udongo usiopitisha maji ndio ufaao kuyatunza. Shida ni wakati wa kulima. Ukikauka jembe hudunda. Ukilowa sana hunata. Siku zifaazo ni chache, na anayezikosa huenda akakosa msimu.

Hasara ya kutojua

Kupuuza tabia ya udongo kumekwisha kuigharimu nchi hii. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, uliotekelezwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30. Sababu zilikuwa nyingi, ukame ukiwa mojawapo, lakini Kongwa udongo wenyewe ulishiriki. Haukuwa mbuga nyeusi, bali ulikuwa na mfinyanzi wa kutosha kuwa mgumu kama tofali kiangazi, na karanga, ambazo huzaa ardhini, hazikung'oleka kwa urahisi.

Katika vijiji hasara huonekana kwenye nyumba. Msingi uliojengwa juu ya mbuga huinuliwa masika na kuteremka kiangazi, na kuta hupasuka. Tofali za udongo huo hupasuka zikikauka. Afadhali udongo wa kichuguu. Wafinyanzi walilijua hilo zamani, ndiyo maana huchanganya vigae vilivyopondwa katika udongo wao ili chungu kisipasuke.

Kipimo chepesi

Anayetaka kuujua udongo wa kiwanja chake aukande kwa maji hadi ulainike, aujaze katika kisanduku kidogo chenye urefu wa sentimita 30, kisha auache kivulini hadi ukauke kabisa. Ukipungua urefu kwa sentimita 3 au zaidi, udongo huo unasinyaa sana: asijenge juu yake bila ushauri wa fundi aujuaye, wala asipande mahindi bila matuta na mifereji ya kutoa maji. Kwa upimaji wa rutuba, sampuli zaweza kupelekwa kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga. Mbuga si ardhi mbaya. Ni ardhi yenye masharti, na mavuno yake humfuata ayatimizaye.