Mlio Unaojificha: Kutafuta Kelele Inayokuja na Kuondoka Katika Gari Lililotumika

Kok. Kok-kok. Kisha kimya.

Mfano mmoja utaandamana na msomaji katika kijitabu hiki, kwa sababu wenye magari wengi watajiona ndani yake. Mwalimu wa sekondari anayeishi Mbezi, Dar es Salaam, alinunua Toyota IST iliyokwisha kutumika Japani. Miezi michache baadaye, jioni moja akirudi nyumbani na walimu wenzake watatu, alisikia kitu kinagonga upande wa nyuma kila walipopita kwenye rasta, yale matuta madogo ya barabarani. Asubuhi alilipeleka gari gereji. Fundi akazunguka nalo mtaani, akapanda matuta mawili, akarudi. "Mama, gari lako halina tatizo." Jioni ile ile, kok-kok.

Safari ya pili zikabadilishwa stabilaiza linki. Safari ya tatu, shokapu za nyuma, zote mbili. Safari ya nne mwalimu akaambiwa azoee tu, gari la mtumba halikosi kelele.

Hakuna aliyemdanganya. Stabilaiza linki iliyolegea hugonga kweli, na shokapu iliyochoka hugonga kweli. Tatizo ni kwamba fedha zilitoka kabla ya mtu yeyote kujua mlio ule unatokea wakati gani. Mlio usiokoma hutafutwa kwa sikio na spana. Huu unaokuja na kuondoka hutafutwa kwanza kwa kalamu.

Gari lililokuja na umri wake

Sehemu kubwa ya magari yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa hutoka Japani, nchi ambayo nayo huendesha upande wa kushoto na kuweka usukani kulia. Kenya hairuhusu gari lenye umri unaozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Tanzania huyapokea yenye umri mkubwa zaidi, lakini huyatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Kwa hiyo nchini Tanzania gari ambalo mnunuzi analiita jipya huenda lina raba zilizotengenezwa miaka 10 au 15 iliyopita. Raba haisomi kilomita kwenye dashibodi. Bushi, mauntingi za injini na raba zinazoning'iniza ekzosi hukauka na kupasuka kwa umri, hata kama gari lilitembea kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wachache hulifikiria. Kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chuma cha chini ya gari. Bati jembamba linalozuia joto la ekzosi lisiunguze sakafu hushikwa na bolti ndogo. Bolti zikioza, bati hutatarika kama kopo lenye kokoto. Hutatarika gari likiwa limesimama na injini inaunguruma polepole, kisha hunyamaza dereva akikanyaga mafuta. Wapo waliofunguliwa injini kwa sababu ya bati la namna hiyo. Kuliangalia kabla ya kununua ni kazi ya dakika mbili, gari likiwa juu ya shimo la gereji.

Kalamu kabla ya spana

Mwalimu wa Mbezi alianza kupata jibu siku alipoweka daftari kwenye gari. Daftari la namna hii halihitaji ujuzi wa ufundi. Mlio ukitokea, gari likishasimama, dereva aandike mambo machache: injini ilikuwa baridi au ya moto, gari lilikuwa na watu wangapi na walikaa wapi, mwendo ulikuwa kiasi gani, barabara ilikuwa ya lami laini, ya rasta au ya vumbi, mguu ulikuwa kwenye breki au kwenye mafuta, usukani ulikuwa umekatwa upande gani, mvua ilinyesha au la. Na jambo ambalo watu hulisahau: aandike pia siku ambazo mlio haukutokea. Siku ya kimya ina habari sawa na siku ya kelele.

Simu husaidia sana, mradi dereva asiishike. Abiria ndiye arekodi, na wakati anarekodi ataje kwa sauti mwendo na gia: "Arobaini, gia ya tatu, tunakata kulia." Fundi atakayesikiliza baadaye atapata mlio pamoja na hali yake. Njia nyingine rahisi ni kuendesha taratibu kando ya ukuta mrefu, madirisha yakiwa wazi. Ukuta huirudisha sauti, na mlio wa gurudumu la upande ule husikika waziwazi. Kisha gari ligeuzwe, upande wa pili nao usikilizwe.

Sikio peke yake hupotosha. Sauti husafiri ndani ya chuma kwa kasi ya karibu mita 5,000 kwa sekunde, hewani ni mita 340 tu. Kwa hiyo kitu kinachogonga kwenye gurudumu la mbele kushoto huweza kusikika kana kwamba kiko ndani ya dashibodi, au chini ya kiti cha dereva. Abiria aliyekaa nyuma na dereva wataapa kila mmoja kwamba mlio uko upande wake, na wote wawili watakuwa wakweli.

Injini au magurudumu?

Swali hili hupunguza kazi nusu nzima. Gari likiwa limesimama, breki ya mkono imevutwa na gia iko huru, dereva akanyage mafuta kidogo kidogo. Mlio ukitokea na kupanda pamoja na injini, chanzo kiko kwenye injini, mikanda yake, mauntingi au ekzosi. Usipotokea kabisa, lakini ukatokea gari likitembea na ukawa ule ule katika gia ya pili na ya tatu kwa mwendo mmoja, magurudumu na vinavyozunguka nayo ndivyo vya kuchunguzwa.

Hapo hesabu ndogo inaweza kufanya kazi ya mashine. Tairi la 185/65 R15 lina mzingo wa karibu mita 2. Gari likienda kilomita 18 kwa saa linapita mita 5 kila sekunde, yaani gurudumu linazunguka mara mbili na nusu. Abiria akihesabu tak-tak kwa sekunde 10 na kupata 25 hivi, kuna kitu kinagonga mara moja kwa kila mzunguko: msumari au jiwe kwenye tairi, pengine kepu ya gurudumu iliyolegea. Akihesabu na kukuta tak-tak ni nyingi zaidi au hazifuati mzunguko, tairi lenyewe huenda halina kosa.

Jiwe linastahili kutajwa peke yake. Kwenye barabara za vumbi, kokoto ndogo huingia kati ya diski ya breki na bati lake la kuzuia vumbi, ikatoa mkwaruzo wa kutisha ambao dereva hudhani ni mwisho wa breki. Mara nyingi kurudi nyuma mita chache huitoa. Isipotoka, gurudumu livuliwe.

Beringi ya gurudumu haigongi mwanzoni, huvuma. Uvumi wake huanza kama wa tairi lenye meno makubwa, hukua na mwendo, na hubadilika gari linapoegemea. Barabara ikipinda kulia, uzito huhamia magurudumu ya kushoto. Uvumi ukizidi hapo, beringi ya kushoto ndiyo ya kwanza kushukiwa. Mafundi wanaosikia uvumi tu na kubadilisha matairi manne wamewagharimu wateja wao bure, kwa kuwa jaribio hili halihitaji kifaa chochote.

Jointi za ekseli za mbele, zile za CV, zina lugha yake: tak-tak-tak ya haraka dereva anapokata usukani hadi mwisho na kukanyaga mafuta, kama anapotoka kwenye maegesho. Chanzo karibu kila mara ni raba iliyopasuka. Grisi ikamwagika, mchanga ukaingia. Raba ikigundulika mapema, kabla jointi haijaanza kulia, hubadilishwa raba na grisi tu. Ikiachwa, jointi nzima hufa.

Mkanda wa feni hulia kama ndege asubuhi yenye baridi au unyevu, ukanyamaza ukishapata joto. Pedi nyingi za breki zina ulimi mwembamba wa chuma uliowekwa makusudi uguse diski pedi ikibaki milimita 2 au 3. Mlio wake mwembamba ni taarifa, na anayeupuuza atasikia baadaye chuma kikisaga chuma. Mauntingi ya injini iliyokatika hupiga dhu! moja gia ya otomatiki inapotoka N kwenda D au R. Jaribio hilo lifanywe mguu ukiwa umekanyaga breki sawasawa na hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari.

Tena ipo milio isiyo na ubaya. Ekzosi hutoa tik-tik baada ya injini kuzimwa kwa sababu chuma kinapoa na kusinyaa. Klachi ya kompresa ya kiyoyozi hupiga tak kila inaposhika. Na kabla mtu hajalipa hata shilingi moja, atoe kila kitu kwenye buti: jeki, spana ya tairi, tairi la akiba lisilofungwa, chupa ya maji iliyojiviringisha chini ya kiti. Hatua hii watu huiona aibu kuianza. Kazi ianze nayo.

Milio isiyosubiri daftari

Kugonga kwa kina ndani ya injini huku taa ya presha ya oili ikiwaka: gari lisimamishwe mahali salama na injini izimwe papo hapo, kwa sababu dakika chache zatosha kuiua. Kugonga pamoja na usukani kutetemeka baada ya tairi kubadilishwa: nati huenda zimelegea, zikazwe hapo hapo, na hata bila mlio ni vizuri zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kugonga mbele pamoja na gari kuvutwa upande au usukani kuwa mlegevu: boljointi au tairodi, na gari hilo libebwe, lisiendeshwe. Breki inayosaga chuma nayo ni hivyo hivyo.

Na anayetaka kuchungulia chini ya gari asiingie likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Stendi imara ndizo za kushikilia. Watu wamefia hapo, katika nyua za nyumba zao, wakitafuta kelele ndogo.

Kumlipa fundi asikilize

Mwaka 1816, daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi ikawa mrija, akaweka ncha moja kifuani kwa mgonjwa na nyingine sikioni. Fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, anayeshika bisibisi ndefu, ncha kwenye kava la injini na mpini sikioni, anafanya kazi ile ile, na anayejua kuitumia hutofautisha beringi ya altaneta na ya pampu ya maji bila kufungua kitu. Mikono ya shati, mitandio na nywele ndefu vikae mbali na mikanda inayozunguka.

Tatizo ni kwamba wateja wamezoea kumlipa fundi kwa kufunga spea, si kwa kutafuta chanzo. Fundi asiyelipwa kwa muda wa kusikiliza hana njia ila kubahatisha, na bahati hiyo hununuliwa kwenye maduka ya spea ya Kariakoo kwa fedha ya mteja. Ni haki na ni nafuu kukubaliana naye bei ya saa moja ya kuzunguka na gari katika hali ile ile iliyoandikwa kwenye daftari, halafu kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na spea ya zamani arudishiwe mwenyewe. Vikibadilishwa vitatu kwa siku moja na mlio ukaisha, hakuna atakayejua ni kipi kilikuwa kibovu.

Daftari la mwalimu lilikuwa na kurasa mbili lilipomfikia fundi mwingine. Asubuhi, kimya siku zote. Jioni akiwa peke yake, kimya. Jioni na abiria mmoja mbele, kimya. Jioni na watu wawili au watatu nyuma, baada ya foleni ya Ubungo, kok-kok kwenye rasta. Fundi akasoma, akauliza swali moja: "Mama, asubuhi ulipokuwa unalipeleka gereji, ulikuwa na nani?" Alikuwa peke yake, na injini ilikuwa na dakika 10 tu tangu iwashwe.

Wakalisubiri lipate moto, wakapakia vijana watatu wa gereji kiti cha nyuma, fundi akachungulia kutoka shimoni. Bomba la ekzosi hupita juu ya ekseli ya nyuma. Raba iliyolining'iniza ilikuwa imerefuka na kupasuka nusu. Bomba la chuma la mita 3 likipata joto la nyuzi 200 zaidi hurefuka milimita 7 hivi. Watu nao wakiketi, bodi hushuka na bomba hushuka nayo kuelekea ekseli. Joto peke yake halikutosha kuvigusanisha, uzito peke yake haukutosha, na tuta peke yake halikutosha. Vyote vitatu vikikutana, bomba liligonga. Juu ya ekseli palikuwa na alama ndogo, iliyong'aa kama sarafu mpya.

Raba mbili zikafungwa. Jioni ile gari lilipita rasta likiwa na watu wanne ndani, na kilichosikika ni mazungumzo yao.

Wiki mbili baadaye, asubuhi ya mvua, kitu kikalia kama ndege mdogo chini ya boneti. Mwalimu alitoa kalamu kabla ya kuondoa gari uani, akaandika: injini baridi, mvua, niko peke yangu, sekunde 40, kimya.