Kwa Nini Umeme Umekatika Kwetu na kwa Jirani Unawaka?



Ni saa 2 usiku. Uko nyumbani kwako Mbagala au Tandale. Ghafla taa zinazimika. Unachungulia dirishani. Ng'ambo ya barabara taa zinawaka. Watu wanasema, "Wametuonea!"

Huenda waya umekatika, au transfoma imeharibika. Lakini mara nyingine mtaa mmoja huzimwa ili nchi nzima isiingie gizani. Tujifunze jinsi jambo hili linavyofanyika.

1. Mzigo wa pamoja

Umewaona watu wakisukuma mkokoteni wa magunia kupandisha kilima. Wote husukuma pamoja, kwa mwendo mmoja. Mmoja akiteleza, wenzake hubeba sehemu yake. Wakizidiwa, huachia mmoja baada ya mwingine. Mkokoteni hurudi nyuma.

Gridi ya Taifa ni kama mkokoteni huo. Wanaosukuma ni mitambo ya umeme. Iko mitambo ya maji, kama ya Kidatu, Mtera na Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji. Iko mitambo ya gesi, kama ya Ubungo na Kinyerezi. Mzigo ni taa, pasi, friji na viwanda vyetu. Umeme unaotumika sasa hivi lazima uzalishwe sasa hivi.

2. Tumbili wa Gitaru

Tarehe 7 Juni 2016, huko Kenya, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru. Akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mashine nyingine za kituo zikazidiwa na mzigo, nazo zikazimika. Zaidi ya megawati 180 zikapotea. Megawati 1 yaweza kuwasha taa 100,000 za wati 10. Nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika.

Hata kwetu, tarehe 1 Aprili 2024, hitilafu katika Gridi ya Taifa ilizima umeme katika sehemu kubwa ya nchi. Kosa dogo mahali pamoja huweza kuwafikia watu wote.

3. Kompyuta inayopunguza magunia

Turudi kwenye mkokoteni. Mtu mmoja ameteleza. Njia ya kuuokoa ni kuangusha magunia machache upesi. Yaliyobaki yatafika juu.

Umeme wetu una mwendo wake, nao ni mizunguko 50 kwa kila sekunde. Mzigo ukizidi nguvu ya mitambo, mwendo hushuka. Hapo hakuna nafasi ya mtu kupiga simu na kuuliza. Kwa hiyo mitambo hupewa maagizo mapema. Maagizo ya hatua kwa hatua kama hayo huitwa algoriti. Soma mfano huu:

Hatua ya 1: Pima mwendo.
Hatua ya 2: Mwendo ukiwa 50, usizime kitu.
Hatua ya 3: Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, zima laini ya kwanza.
Hatua ya 4: Pima tena. Ukizidi kushuka, zima laini ya pili.

Siku hizi ziko kompyuta zinazojifunza pia. Huangalia matumizi ya siku zilizopita, joto na sikukuu, kisha hukadiria umeme utakaohitajika kesho. Nyingine hutambua transfoma inayopata joto kupita kiasi kabla haijaungua.

Lakini kumbuka: kompyuta haina huruma. Hufuata maagizo ya watu. Watu ndio wanaoamua laini ipi izimwe kwanza, na kama laini ya hospitali izimwe mwisho. Kwa hiyo mwananchi ana haki ya kuuliza mpango huo umepangwaje.

4. Jambo ambalo kompyuta huenda isilione

Waya wa umeme ukianguka, swichi ya kujizima hutakiwa kuukatia umeme. Lakini waya ukilala juu ya mchanga mkavu, umeme kidogo tu hupita ardhini. Swichi huweza kuudhani ni matumizi ya kawaida, isijizime. Waya unaonekana umekufa, kumbe ni mzima. Ukiushika utakuua.

Basi ukiona waya umeanguka:
- Usiuguse, hata kwa mti.
- Kaa mbali, mita 10 au zaidi.
- Zuia watoto na wapita njia.
- Toa taarifa kwa shirika la umeme na kwa mjumbe wako mara moja.

Na umeme ukikatika, zima pasi, jiko la umeme na friji. Acha taa moja ikuonyeshe kwamba umeme umerudi. Nyumba zote zikivuta umeme kwa pamoja, laini huzidiwa tena.

Kompyuta hulinda gridi. Uani kwako, mlinzi ni wewe.

Maswali

1. Gridi ya Taifa inafananaje na mkokoteni?
2. Kwa nini tumbili mmoja alisababisha giza nchi nzima?
3. Algoriti ni nini? Taja hatua 4 ulizosoma.
4. Kwa nini waya ulioanguka mchangani ni wa hatari?
5. Jadilianeni darasani: Katika kata yenu, ni mahali gani pasizimwe umeme isipokuwa mwisho kabisa? Toeni sababu.