Konokono wa Tangi la Samaki Asitoke Ziwani

Konokono wa majini hupendeza akitambaa kwenye kioo cha tangi la samaki, akila mwani. Watoto humtazama hadi wanasahau chakula. Lakini usimwokote ziwani wala kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, kwa kuwa baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo humtoka konokono, huogelea, na kupenya ngozi hata isiyo na kidonda. Kutia mkono kusafisha tangi kwatosha kukuambukiza.

Tafuta konokono aliyezaliwa ndani ya tangi. Wala usimtupe mtoni ukimchoka: wengi hutaga bila mwenza, hivyo mmoja tu huanzisha ukoo.

Mtoto akikojoa damu au kupata choo chenye damu, mpeleke kituo cha afya. Kichocho hutibiwa kwa vidonge.