Kuuza kwa Mununuzi Mumoja ao kwa Wengi?



Hapa Miti munajua tofauti hii: magome ya kenkina yanangoja kiwanda, lakini maharagi unaweza kupeleka ku soko ya Kavumu ao ya Kadutu. Wenye kutengeneza michezo ya video nao wako na swali hilo. Muchezo utoke kwa mashine moja tu, kama PlayStation, ao kwa zote?

Tufanye hesabu ya mufano. Kutengeneza muchezo: dola 100.000. Bei: dola 20. Mwenye mashine anakata 30 kwa mia, inabaki 14. Wanunuzi 8.000 wanaleta dola 112.000, basi faida ni 12.000. Kuutayarisha kwa mashine ya pili kunaomba dola 20.000 zingine. Wanunuzi wapya 3.000 wanaleta 42.000, faida inaongezeka 22.000. Kwa hiyo mwenye mashine ya kwanza akitaka muchezo ubaki kwake peke yake, alipe kupita 22.000. Akilipa chini ya hapo, unapata hasara.

Sababu gani alipe? Juu mutu akinunua mashine kwa ajili ya muchezo mumoja, kiisha atanunua mingine, na kila mara mwenye mashine anakata yake. Ndiyo maana michezo mikubwa ya Mario inabaki kwa mashine za Nintendo.

Lakini Microsoft, wenye Xbox, walinunua kampuni ya Minecraft mwaka 2014 kwa dola milioni 2.500, na hawakuutoa kwa PlayStation. Mwaka 2023 nakala zilizouzwa zilipita milioni 300. Kuna na njia ya katikati: Horizon Zero Dawn ilitoka 2017 kwa PlayStation 4 tu, na 2020 ikafika kwa kompyuta.

Tuangalie na hatari. Ku Kenya walitengeneza Ma3 Racer, mashindano ya matatu, kwa simu za Nokia. Mwaka 2014 Nokia iliuza kazi yake ya simu kwa Microsoft. Muchezo uliotengenezwa kwa simu ya aina moja unazeeka pamoja na simu ile.

Zoezi:
1. Mashine ya pili ikileta wanunuzi 1.000 tu, utakubali kuuza kwa mashine moja bila kulipwa kitu? Onyesha hesabu.
2. Nyumbani kwenu munauza mavuno kwa mununuzi mumoja ao kwa wengi? Ule mumoja anawalipa nini kupita soko?